Muulizeni Seline

Kama hukusoma ya wiki jana, vuta kiti nikupe kwa ufupi.

Naitwa Kasiva. Nachonga mifupa ya ng'ombe: bangili, vipuli, vifungo vya makoti. Mashine ya kukata na kung'arisha mifupa aliiunda marehemu mume wangu, Munyao. Alitoa mota kwenye kisiagi kibovu cha unga, akachomelea vyuma mwenyewe, akaifunga mwenyewe. Alipokufa aliniachia hiyo tu. Wanaume wakaja kuniposa nikawaambia nimeshaolewa na mashine.

Januari mwaka huu, Kibera ilipowaka baada ya kura, nilitoka Lindi, kijiji chetu humo humo Kibera, na nguo za mwilini nikakimbilia Kawangware 46. Sisi Wakamba mwanzo hatukuguswa. Tuliguswa siku ile mtu wetu alipokubali kiti serikalini. Mashine nikamwachia jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi Nicanor, Mjaluo, ambaye hakuna mtu angemgusa.

"Niwekee," nilimwambia.

"Nenda salama," akaniambia. Na machozi yalimlenga, Mungu ni shahidi.

Amani iliporudi nikaenda kuichukua. Nicanor akasema aliinunua. Kwa nani? Kwangu! Mimi sina karatasi, yeye hana karatasi, ni mdomo wake na mdomo wangu. Nikamshtaki.

Hapo ndipo tuliachana wiki jana. Sasa sikiliza yaliyofuata, uniambie kama mimi nina bahati ya mtu au ya mbwa.

Asubuhi moja nilikuwa Dagoretti, kwenye machinjio, napanga foleni ya mifupa. Huku Kawangware nang'arisha kwa msasa na mkono, vidole vimepasuka, bangili moja inanichukua siku nzima. Mara namwona Obiero mbele yangu na gunia begani. Obiero ndiye kijana anayemfanyia Nicanor kazi. Anayefanya kazi kwa mashine yangu!

Nilimshika shati.

"Wewe! Unakula jasho la mjane na unasimama hapa na meno nje?"

"Mathe, polepole, watu wanaangalia."

"Waangalie! Hiyo mashine ni ya nani?"

Obiero akatazama huku na huku. Akashusha sauti.

"Ni yako, mathe. Si kila mtu anajua? Hata ukiiwasha, inaguna vile ilikuwa inaguna kwako. Nicanor hakununua kitu."

Woi! Niliacha foleni. Niliacha hata gunia. Nilikwenda kwa miguu mbio mpaka ofisi ya wakili Wangoi, msichana mdogo wa Kikuyu anayesaidia watu bure siku za Jumatano. Haikuwa Jumatano. Nikaingia hivyo hivyo.

"Amekiri!" nikapiga kelele. "Wakili, wamekiri! Kesi imekwisha!"

Wangoi akainuka karibu amwage chai.

"Nicanor amekiri?"

"Obiero!"

Akaketi tena.

"Obiero ni nani?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, na nikaona uso wake haufurahi, nikaanza kumkasirikia.

"Mama, umemshtaki nani?" akaniuliza.

"Nicanor."

"Obiero ndiye Nicanor?"

"Unaniuliza swali gani hilo?"

"Nijibu tu."

"Hapana, si yeye."

"Basi Obiero akikiri, hajakiri kwa niaba ya Nicanor. Angekiri Nicanor, hata njiani, hata kilabuni, ningechukua neno lake nikamwekea mezani. Lakini huyu ni mtu wa pembeni. Hajashtakiwa, hakutumwa. Neno la mtu wa pembeni huwezi kulitia kwenye mdomo wa mwenye kesi."

"Lakini ni ukweli!"

"Inaweza kuwa ukweli. Sasa aje yeye mwenyewe kortini, aape, aulizwe na wakili wao. Wewe huwezi kusimama pale useme Obiero alisema. Hakimu atakunyamazisha."

Nikarudi Dagoretti. Obiero alikuwa bado yupo, anafunga gunia lake.

"Njoo useme kortini," nikamwambia.

Alinitazama kama nimemtusi.

"Mathe, mimi nilikuambia wewe. Sikuambia korti. Unataka nifutwe kazi?"

Akabeba gunia lake akaenda. Hata langu nililoacha lilikuwa limeibwa. Hiyo ndiyo siku niliyokuwa nimeiita siku yangu ya bahati.

Jumatano iliyofuata, Wangoi akanipigia kwenye kibanda cha simu cha jirani. Sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Mama, njoo. Upande wao wameleta shahidi. Mzee Phanuel."

Mzee Phanuel alikuwa mwenyekiti wa kamati ya amani, mzee wa Laini Saba, mtu wa kanisa, mtu asiyesema uongo.

"Phanuel atasema nini? Hakuniona nikiuza chochote."

"Atasema alimuuliza Seline, na Seline akamwambia mashine ni ya Nicanor, aliinunua kwako."

Nilicheka. Kweli nilicheka, watu waliokuwa kwenye kibanda cha simu wakageuka. Niliona ni mambo mawili ya kuchekesha. La kwanza, Seline? Seline wangu? Mwanamke aliyenificha chini ya kitanda chake vijana wakitafuta Wakamba, akakaa juu ya kitanda anasuka nywele kana kwamba hakuna kitu? La pili, hata kama alisema!

"Wakili," nikamwambia, "wewe si ndiye ulinifundisha juzi? Seline ndiye mimi? Si mtu wa pembeni? Neno lake haliwezi kutiwa mdomoni mwangu. Waambie hivyo!"

Nikamsikia akifunga faili.

"Njoo ofisini," akasema.

Nilipofika alifunga mlango.

"Kwenye kamati ya amani, mwezi wa tatu, ulisema nini? Niambie vile ulisema. Usipunguze."

Hapo, ndugu msomaji, nikakumbuka.

Kamati ya amani ilikuwa na desturi yake. Wakati ule kila mtu alikuwa na mashahidi wa kabila lake. Mjaluo analeta Wajaluo, Mkamba analeta Wakamba, na wote wanaapa. Kwa hivyo wazee wakaweka sheria: ukija na malalamiko, taja mtu wa upande ule mwingine ambaye utakubali neno lake. Kamati iende imuulize. Na huyo mtu haambiwi nani amemtaja, asije akajipendekeza.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, watu wamejaa mpaka madirishani. Wakamuuliza Nicanor atamtaja nani. Akainua mikono juu.

"Mimi sina mtu. Nina Mungu."

Watu wakasema amina. Mwizi mkubwa yule.

Wakanigeukia. Na mimi nilikuwa nimechemka, naona Nicanor ananichekea, naona watu wanamsemea amina. Nikasimama nikapiga meza ya wazee.

"Mimi nina mtu! Muulizeni Seline! Ni Mjaluo kama Nicanor! Atakalosema Seline ni langu! Hata akisema mashine ni ya shetani, hilo ni neno langu!"

Makofi yalipigwa. Wanawake walipiga vigelegele. Nilikaa chini nimevimba kichwa. Jibu la Seline kamati haikuniletea.

Nilimweleza Wangoi yote hayo. Akashika paji la uso.

"Mama Kasiva."

"Nini?"

"Mtu wa pembeni neno lake halikufungi, nilikuambia. Isipokuwa wewe mwenyewe uwe umesema nendeni mkamuulize huyo. Ukimtaja hivyo, jibu lake ni kama umelitoa wewe. Sheria inalihesabu ni kukiri kwako."

"Hata kama ni uongo?"

"Linaweza kuelezwa. Halijakufunga kabisa. Lakini wa kulieleza ni mmoja tu. Seline aje aseme kwa nini alijibu vile."

Sikulala vizuri. Si kwa sababu ya mashine peke yake. Nilikuwa najiuliza: alisema kweli maneno hayo? Seline aliniuza? Na kama aliniuza, kwa nini alinificha? Hasira ilikuwa inapanda, inashuka, inapanda.

Asubuhi nikaenda Kibera.

Tangu Januari sikuwa nimerudi zaidi ya zile safari za Nicanor na za kamati. Seline alikuwa ameondoka Lindi, amehamia Raila, kijiji kingine huko huko Kibera, na nilipata shida kumpata. Nikauliza, nikaelekezwa, nikapotea, nikaelekezwa tena. Mdomo unajisemea peke yake. Mwishowe nikamwona mlangoni kwake, amekaa juu ya stuli, kichwa cha mteja kiko katikati ya magoti yake, anasuka.

Aliponiona akapiga kelele ya furaha.

"Nyar Kitui!" Ndivyo anavyoniita, binti wa Kitui, kwa lugha ya kwao. "Umekuja! Wacha nikuone! Mbona umekonda?"

Mtu mwenye akili angesalimia. Angeomba maji. Angengoja mteja aende.

"Seline, ulisema mashine yangu ni ya Nicanor?"

Tabasamu lake likaisha.

"Ngoja kidogo, kwanza kaa..."

"Sikai! Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Ulisema! Seline!"

"Nilisema Januari, walipokuja na petroli! Wewe ulikuwa chini ya kitanda, hukusikia? Nilitoka nje nikawaambia hiyo mashine ya Kasiva imeuzwa, sasa ni ya Nicanor, mtachoma mali ya mtu wenu?" Alikuwa anasema kwa kunong'ona, huku kwa macho ananionyesha kitu nisichokielewa. "Hata nilichukua makaa nikaandika Nicanor kwa mabati. Ndio maana wakapita. Sasa nyamaza, tutaongea."

Basi nikaelewa. Moyo wangu wote ukamwagika. Alikuwa amedanganya kuniokolea mashine! Na badala ya kunyamaza kama alivyoniomba, mimi na furaha yangu nikapaza sauti.

"Basi njoo kortini uwaambie hivyo hivyo! Uwaambie ulidanganya wale vijana!"

Mikono ya Seline ikasimama ndani ya nywele.

Kile kichwa kilichokuwa katikati ya magoti yake kikainuka polepole. Alikuwa msichana mzuri, amesukwa upande mmoja, upande mwingine nywele zimesimama. Akanitazama, kisha akamtazama Seline.

"Kumbe," akasema.

"Adhis," Seline akamwambia, "inama nimalize."

"Nitamalizia nyumbani." Akachukua leso yake, akajifunga kichwa, akaenda zake bila kugeuka.

"Ni nani huyo?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Bibi ya Chris."

Chris ndiye alikuwa mbele ya vijana Januari. Chris na petroli yake. Mnamkumbuka Apiyo, niliyewaambia habari zake huko nyuma? Yule aliyemfichia jirani yake cherehani? Walipogundua aliwadanganya, walichoma kibanda chake cha samaki mchana, watu wakiona, na Apiyo mwenyewe ni wa kwao. Akahamia Ugunja na mpaka leo hajarudi.

Nilitaka kujipiga makofi.

"Seline, nisamehe. Nisamehe, sikujua. Mdomo wangu huu!"

"Mdomo wako naujua," akasema. Akacheka kidogo, lakini kitana kilimponyoka. "Kaa basi. Sasa utakaa?"

Nikakaa. Akanieleza ya mwezi wa tatu. Mzee mmoja asiyemjua alikuja na mwenzake wakamuuliza, mashine ya mifupa ni ya nani. Nicanor alikuwa amesimama pembeni. Seline akadhani wametumwa na Chris wachunguze tena. Akajibu alivyokuwa amezoea kujibu tangu Januari.

"Wangeniambia tu, Kasiva ndiye ametutuma," akasema. "Neno moja tu. Ningewaambia ukweli na chai ningewapikia."

Hawangeweza kumwambia. Ilikuwa sheria yao, mtu asiambiwe nani amemtaja.

"Usije kortini," nikamwambia. "Wacha mashine ipotee."

"Utaishi na nini?"

"Nina mikono."

Akaichukua mikono yangu akaigeuza, akaona vidole vilivyopasuka. Akaniwekea mafuta ya nywele kwenye nyufa, kidole kwa kidole, kama mtoto.

"Nenda nyumbani," akaniambia. "Nitafikiria."

Siku ya kesi ilifika. Nilikuwa nimemwambia Wangoi asimwite Seline. Wangoi akasema sawa, lakini basi nijiandae kushindwa. Nikajiandaa. Nilivaa nguo yangu ya kanisani ili nishindwe nikiwa nadhifu.

Kwenye koridoo ya korti nikamkuta Nicanor amekaa peke yake, kofia magotini. Nilitaka kumpita. Akaniita.

"Kasiva. Hata salamu?"

"Salamu yako ipeleke kwa Mungu wako uliyemtaja kanisani."

"Wewe una hasira, lakini sikiliza. Ule moto nani alikaa nao? Wewe ulienda. Mimi nililala juu ya hiyo mashine, usiku na mchana, mgongo mpaka leo unaniuma. Kama si mimi ungekuta jivu."

Na hilo lilikuwa kweli. Ndilo linaloniudhi kwa Nicanor, si mwongo wa kila kitu.

"Ungeniambia hivyo ningekushukuru," nikasema. "Tungefanya kazi pamoja, wewe asubuhi, mimi jioni. Lakini kusema uliinunua! Huo uongo uliutoa wapi?"

"Uongo si wangu," akasema taratibu. "Ni wa Seline. Mimi niliukuta umeandikwa kwa mabati."

Kabla sijamjibu, karani akatuita ndani.

Nikaingia na nikaketi. Nikatazama nyuma, na nikatamani nisingetazama. Benchi la mwisho lilikuwa limejaa vijana wa Lindi. Katikati yao Chris, mikono imekunjwa kifuani. Kando yake Adhis, nywele sasa zimesukwa kichwa chote. Korti ni ya kila mtu, huwezi kumfukuza mtu anayeketi kimya.

Nikashukuru Mungu kwamba Seline hayupo.

Niliitwa kwanza nikatoa ushahidi wangu. Wakili wa Nicanor hakunisumbua sana. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulisema au hukusema, mbele ya kamati, kwamba atakalosema Seline ni neno lako?"

"Nilisema."

"Asante." Akaketi.

Wangoi akasimama kufunga upande wetu. Mlango ukafunguka.

Seline akaingia.

Alikuwa amevaa gauni la samawati alilovaa siku ya mazishi ya Munyao. Alipita katikati ya mabenchi, akapita benchi la Chris bila kugeuza shingo, akaenda mpaka kwa Wangoi akamnong'oneza. Wangoi akanitazama. Nikatikisa kichwa hapana, hapana, hapana. Seline akatikisa kichwa ndiyo.

"Mheshimiwa," Wangoi akasema, "tunaomba kumwita shahidi mmoja zaidi."

Wakili wa Nicanor akasimama akapinga, ati hawakupewa habari. Hakimu, mama mmoja mnene mwenye miwani, akamwuliza, "Si ni huyu huyu ambaye neno lake mnategemea? Mnamwogopa akiwa hai?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Seline akapanda kizimbani. Akashika Biblia, akaapa. Akataja jina lake, akasema anaishi Raila, kazi yake kusuka.

"Januari mwaka huu," Wangoi akauliza, "uliwaambia watu mashine ya mifupa ni ya Nicanor, kwamba aliinunua?"

"Niliwaambia."

"Na mwezi wa tatu, mzee Phanuel alipokuuliza?"

"Nilimwambia vile vile."

"Maneno hayo yalikuwa ya kweli?"

Seline akafungua mdomo. Nyuma mtu akakohoa, kikohozi kile cha makusudi. Nikageuka. Chris alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anamtazama tu. Na mbele ya macho yangu nikakiona kile kibanda cha samaki cha Apiyo, nikaona ile stuli ya Seline, kitana, mlango wake wa mabati kule Raila ambako mimi nisingeweza kumficha chini ya kitanda chochote, maana kitanda changu kiko Kawangware.

Nilisimama.

"Mheshimiwa!"

"Mama, keti. Una wakili."

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemleta huyu kwa mdomo wangu. Namwondoa. Asijibu. Mashine na ikae huko."

Korti ikanguruma. Nicanor akageuka akanitazama, na sijui nilichokiona usoni kwake, lakini hakikuwa furaha. Wangoi alikuwa ananivuta nguo.

"Mama," hakimu akasema, polepole, kama anamwelewesha mtoto, "unaelewa unachokifanya? Akishuka hapo bila kujibu, neno lake litakalobaki mbele yangu ni lile alilompa mzee Phanuel. Na wewe umekubali mwenyewe kwamba ni neno lako."

"Naelewa, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika." Nikamwonyesha Seline mlango. "Mwache aende nyumbani."

Hakimu akavua miwani. Akamgeukia Seline.

"Shahidi, unaweza kushuka."

Seline hakushuka. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, siendi," akasema.

"Mwenye kesi amekuondoa."

"Alisema niulizwe. Alisema mbele ya watu wote pale kanisani, muulizeni Seline. Mimi sikuwepo, hakuna aliyeniambia. Kama ningejua ni yeye ananiuliza, singejibu vile." Akapangusa pua kwa kiganja. "Sasa ndiyo nimeulizwa. Na sijajibu."

Kisha akanigeukia. "Nyar Kitui, kaa chini. Ulisema neno langu ni lako. Usininyang'anye sasa."

Nikakaa.

Hakimu akavaa miwani yake tena.

"Wakili, rudia swali lako."

Nyuma yangu nikasikia benchi likilia. Chris alikuwa amesimama.